Miguu Inayoonekana Siku Moja

Keko,
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mpendwa Hetal,

Miguu ya Radha niliichonga mimi, si Babu Nikodemu. Na siku zote nane za kuichonga nilikuwa ninakula samaki. Sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Wewe ndiye wa kwanza.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, inakaa kando ya karai la mafuta la mama, na meseji ikiingia mama husema, "Editha, hebu nisomee, huyo anataka nini?" Ingeingia yako ningeisoma kwa sauti mbele ya wateja. Mzee Mbwana, dereva wenu, amekubali kuwa posta yetu kila anapotumwa huku. Amesema, "Mie dereva, sio njiwa," lakini bahasha ameitia mfukoni.

Acha niipange habari yote tangu mwanzo, hata sehemu unazozijua, maana nikiruka mahali nitakuwa nimejificha hapo.

Mwezi uliopita bibi yako alikuja karakanani kwa Babu, akapita katikati ya vitanda na makabati, amebeba kisanduku cha bati. Ndani ilikuwemo miguu ya sanamu yenu ya Radha, au kilichobaki. Dumuzi walikuwa wameila mpaka ikawa kama biskuti iliyoloa chai. Alieleza kuwa nguo ya Radha hufika chini, miguu yake hufunikwa mwaka mzima na huonyeshwa siku moja tu, sikukuu ya kuzaliwa kwake, ndiyo maana hakuna aliyewaona dumuzi wakifanya kazi. Akaleta pia gogo la mwarobaini lililokatwa uani kwenu Msasani, limekauka vizuri. Akamwuliza Babu, "Wewe Mmakonde wa wapi?" Babu akasema Newala. Bibi yako akasema yeye kazaliwa Lindi. Basi, wakaanza habari za korosho mpaka chai ikapoa.

Halafu akataja masharti. Atakayechonga asile nyama, samaki, mayai wala kitunguu mpaka amalize. Aoge kabla ya kushika patasi. Asiliruke gogo. Babu alishtuka kwenye kitunguu tu. "Mama, hata cha kwenye kachumbari?" Bibi yako akasema hata hicho. Babu akatoa neno lake mbele ya mafundi wote wa pale.

Na neno alilishika. Siku tisa alikula maharage ya chumvi na wali mkavu, huku mama anakaanga vibua hatua tatu kutoka alipokaa. Lakini Babu ana mtoto wa jicho, la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Siku ya kwanza patasi iliruka, kidole gumba cha mguu wa Radha kikaondoka. Aliufukia mguu ule kwenye maranda akidhani sikumwona. Mti uliobaki ulitosha kujaribu mara moja tu.

Babu husali misa ya asubuhi kila siku. Kesho yake alipoondoka, nilioga, nikachukua patasi zake ndogo, nikachonga mpaka karibu na saa moja na nusu. Aliporudi aliushika mguu, akauzungusha, akaniuliza, "Jana nilifika hapa?" Nikasema, "Ndiyo, Babu." Akachukua msasa akaanza kulainisha. Ikawa hivyo kila siku. Maua ya kwenye vichwa vya vitanda namsaidiaga tangu likizo za kidato cha tano, hilo watu wanajua. Lakini sanamu kwetu ni kazi ya wanaume, na neno lilikuwa limetolewa na yeye.

Mchana mama alinikatia kipande cha kibua kama siku zote. Nilipokumbuka kwamba mchongaji ni mimi, nilikuwa nimeshameza. Nikasema kesho nitaacha. Lakini nikiacha, mama atauliza kwa nini, na nikijibu, Babu atasikia. Nikala siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Kazi iliisha juzi Jumamosi.

Sasa niambie ukweli. Miguu hii imechafuka? Nikisema, Babu ataonekana mwongo mbele ya Keko nzima. Nisiposema, siku ya sikukuu, tarehe 31, mtainamia kitu kilichochongwa na mkono wenye mafuta ya samaki.

Rafiki yako,
Editha


Msasani,
Jumatano, 20 Agosti 2025

Shosti Editha,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimejifungia bafuni, bomba nimelifungulia ili bibi, yaani Ba, asijue nafanya nini. Yaani wewe! Miaka miwili tumekaa dawati moja, mwalimu akikuuliza swali unajibu kwa kunong'ona, kumbe una mikono ya namna hiyo. Nakuogopa sasa.

Haya, ishu ya samaki. Mie naona umeikuza. Ba hajui, babu yako hajui, mama yako hajui. Siku ya sikukuu watu watatazama, saa sita mchana watafungua mfungo, jioni Radha atavalishwa gauni lake jipya (shanga nimeshona mie, vidole vimetoboka vyote), na miguu haitaonekana tena mpaka mwakani. Nani ataichunguza? Funika tu, yaishe.

Usinione sina dini. Radha namjua. Ba alitulea kwa habari zake. Wengine ni miungu ya mali, ya elimu, ya vita. Radha kazi yake ni kupenda tu. Alimpenda mungu Krishna mpaka kupenda kwenyewe kukawa ndiyo sala yake. Sasa mtu wa namna hiyo atakaa kitako ahesabu vibua ulivyokula wewe?

Ila Ba usimwambie, nakuomba. Wiki hii anaimba jikoni. Tangu mumewe afariki sikuwahi kumsikia akiimba. Akijua, ataacha, na sie wengine humu ndani tutarudi kutembea kwa kunyata.

Mzee Mbwana anapiga honi. Anasema njiwa anataka kuruka.

Hetal


Keko,
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mpendwa Hetal,

Asante kwa kunijibu upesi. Nimecheka nilipofika kwenye habari ya bafu, halafu nikaacha kucheka.

Neno lako "funika" limenikaa vibaya. Miguu ya kwanza iliharibika kwa sababu ilifunikwa na kila mtu akaamini iko salama. Ndivyo dumuzi walivyopata nafasi. Najisikia kama nimewaletea wengine, wa aina nyingine. Lakini sitaki bibi yako aache kuimba. Kwa hiyo sijui nifanye nini, na mama anadhani naumwa.

Kuna jambo jingine. Jana Babu aliitoa miguu kwenye kitambaa ili aipake mafuta ya nazi. Hatazami siku hizi, anapapasa. Kidole gumba chake kilipita kwenye kisigino, kwenye unyayo, kikafika kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kikasimama hapo. Akacheka peke yake. Nikamwuliza, "Nini, Babu?" Akasema, "Hakuna. Nimefanya kazi nzuri kuliko nilivyokusudia." Nikatoka nje haraka kwenda kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa.

Usimwambie mtu bado. Naendelea kufikiri.

Editha


Msasani,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Editha,

Nimefanya jambo baya. Nilipokea barua yako ya pili, nikawa nazisoma zote mbili tena, Ba akaingia. Nikazichomeka kwenye kitu cha karibu. Kitu cha karibu kilikuwa kitabu chake cha nyimbo. Jana akakifungua.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa miwani, karatasi zako ziko mapajani. Kiswahili anasoma kuliko mie, alisoma Lindi. Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kushika. Alizikunja akaniuliza, "Mama yake anauza samaki?" Nikasema ndiyo. Basi. Chakula cha jioni kimya. Leo kimya. Haimbi.

Amemwagiza Mzee Mbwana aifuate miguu kesho asubuhi. Sijui ni kwa kuipokea au kwa kuitupa.

Nisamehe, shosti. Nisamehe kabisa.

Hetal


Keko,
Jumatano, 27 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo.

Mimi ni Editha, mjukuu wa fundi Nikodemu. Uliponiona karakanani sikukusalimia vizuri, nilijificha nyuma ya kabati. Kujificha ndiyo tabia yangu, na ndiko kulikonifikisha hapa.

Juzi Mzee Mbwana alikuja akaichukua miguu bila kusema neno, na yeye si mtu wa kunyamaza. Nimesubiri siku mbili. Sasa naandika mwenyewe, kwa sababu barua ulizosoma zilikuwa za Hetal, na wewe unastahili ya kwako.

Ni kweli niliichonga mimi, na ni kweli nilikula samaki. Babu hakukudanganya. Alilishika neno alilokupa mpaka mwisho, hata kitunguu. Alidhani mkono ni wake. Kama utaikataa miguu, naomba useme ina ufa, au umbo halikukupendeza. Usiseme alivunja ahadi. Amekaa Keko miaka thelathini na mbili na hajawahi kurudishiwa kazi.

Mimi naweza kuadhibiwa vyovyote. Sikufanya kwa dharau. Niliona mti unakwisha na macho yake yanakwisha, nikaogopa.

Ni mimi mjukuu wako katika heshima,
Editha


Msasani,
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Zile nyingine nilizisoma pasipo ruhusa, na hilo ni kosa langu. Tuanze tukiwa sawa.

Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nafikiri, na mimi siwezi kufikiri huku naimba. Hetal huona kila mtu aliyenyamaza amekasirika.

Unauliza kama miguu imechafuka. Kila mwaka siku hiyo tunamwosha Radha kwa maziwa, mtindi, samli, asali na maji ya sukari. Tangu nilipoletwa kwenye ukoo huu nikiwa bibi arusi sijawahi kuona maji yale yakitoka na taka. Tunamwosha kama mama anavyomwosha mtoto aliyekwisha kuwa safi, kwa sababu hajachoka kumshika. Miguu yako nayo itaoshwa.

Lakini sitakwambia masharti ni kitu bure. Babu yako alikula maharage siku tisa kwa ajili ya kazi, na kazi ikafanywa na mtu mwingine. Tumbo lilikuwa lake, mikono ilikuwa yako. Basi kuanzia leo mpaka Jumapili saa sita mchana, wewe kula alivyokula yeye. Hiyo si adhabu. Ni kumalizia sehemu yako. Utamwambia mama yako nini, hilo ni shauri lako, mimi nimeshakupa kazi ya kutosha.

Jina la babu yako halitaguswa nyumbani kwangu.

Na kwa kuwa mimi nina siri zako, chukua moja yangu. Mwaka ule nina mimba ya baba yake Hetal, pale Lindi, siku ya sikukuu hiihii, jirani yangu Mwajabu alikuwa anakaanga maandazi. Harufu ikapita ukutani. Saa nne asubuhi, wote wamefunga, mimi nilisimama nyuma ya mlango wa jiko nikala andazi la moto. Mawili. Mama mkwe alikufa hajui. Hetal hajui, na asijue.

Jumapili njoo na babu yako. Na mama yako pia, mwambie afunge karai lake siku moja. Mzee Mbwana atawafuata saa tatu.

Kusum, bibi yake Hetal


Msasani,
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Shosti,

Mbona uliondoka kabla ya kugawiwa halua ya pili? Nimekuwekea, Mzee Mbwana atakuletea kama hajaila njiani.

Ba anaimba. Tangu asubuhi anaimba, mpaka tunamwomba apumzike.

Ulisimama nyuma kabisa kwa hiyo najua hukusikia nusu ya mambo. Baada ya kuoshwa, Ba mwenyewe ndiye aliyepandisha pindo la gauni la zamani. Wanawake wakaanza kupita mmojammoja. Kokilaben, rafiki yake Ba, yule mwenye fimbo, aliinama akakaa hapohapo mpaka foleni ikagoma. Akasema kwa Kigujarati, "Hiki kidole kidogo cha kushoto kimelala juu ya mwenzake kama kimechoka." Mwingine akasema fundi kakosea. Kokilaben akamgeukia: "Kakosea nini? Huyu ni Radha aliyezunguka msituni kumtafuta Krishna, ulitaka miguu ya mtu wa kukaa ofisini?" Wakabishana mpaka Ba akasema, "Fundi alijua alichofanya." Akasema huku anakutazama wewe. Wewe unatazama sakafu.

Na babu yako! Walipomvika lile shada la maua ya njano akasema, "Asanteni. Lakini sikuchonga peke yangu. Mkono ulikuwa zaidi ya mmoja." Wote wakadhani anamsema Mungu. Shangazi yangu alilia mpaka wanja ukashuka. Mie nusura nicheke kwa sauti. Hivi anajua? Nadhani anajua.

Sasa lalamiko langu. Ulikuwa na nini na ule mkoba wako? Kila mama yako alipopiga hatua ulijipenyeza mbele yake, mkoba umeushusha chini kama mtu anayefukuza kuku. Maskini mama wa watu alijikwaa mara mbili. Najua unaona aibu mbele ya watu, lakini pale wote tulikuwa peku, hakuna aliyekuwa anawatazama nyie. Mama yako ni mcheshi sana, mwambie Ba kampenda. Anataka amfundishe kukaanga bajia.

Jibu upesi.

Hetal


Keko,
Jumatano, 3 Septemba 2025

Mpendwa Hetal,

Halua imefika, imepungua kidogo. Mzee Mbwana amesema barabara ina mashimo.

Siku zangu nne za maharage nilimaliza. Mama alipouliza nilisema namsindikiza Babu, na Babu, ambaye mfungo wake ulikuwa umekwisha zamani, akasogeza samaki wake pembeni akasema, "Ndiyo, bado tunaendelea." Hakunitazama. Tulikula bila kitunguu wote wawili, mama akilalamika kuwa ana wateja Keko nzima ila nyumbani kwake. Leo asubuhi Babu hakwenda misa ya kwanza. Alikaa akanisubiri karakanani, akanipa patasi ile yenye mpini wa mpingo, aliyopewa na mjomba wake. Akasema, "Itumie mchana, watu waone." Basi. Nilianza kuinoa.

Sasa suala la mkoba. Ulidhani ni aibu. Ilikuwa hofu, na ni hofu nyingine kabisa.

Nilipoanza kuchonga sikuwa na mfano. Miguu ya zamani ilikuwa imeliwa, na mimi sijui miguu ya mungu inafananaje. Nilijua miguu ya mtu mmoja tu. Nilipokuwa mdogo mama hakuwa na kibanda. Alinunua samaki soko la Feri alfajiri, akawabeba kwenye beseni kichwani, akatembea mtaa kwa mtaa mpaka huku Keko. Jioni alikaa kwenye ngazi na mimi nikamwosha miguu kwenye karai la maji ya chumvi. Miaka minne, kila siku. Naijua kwa vidole. Najua kisigino kilivyo, na kile kidole kidogo cha kushoto alichozaliwa nacho, kilicholala juu ya mwenzake. Patasi ilikwenda huko yenyewe, na mimi sikuizuia. Babu alipopapasa akacheka ni kwa kuwa alimtambua binti yake.

Halafu bibi yako akamwalika mama. Nami nilisahau kwamba mlangoni kwenu viatu vinavuliwa.

Fikiria nilivyokuwa. Mbele pale miguu ipo, imepakwa liwa na kuwekewa maua, watu wanainama wanaigusa. Huku nyuma miguu ileile imesimama sakafuni, peku, inasogea na foleni. Kokilaben angegeuza shingo tu. Ndiyo maana nilikuwa na mkoba. Mama alipofika mbele nilifumba macho. Alifanya walivyofanya wenzake, akainama, akagusa, akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mzee Mbwana aliturudisha kwa gari. Tulipokaribia Keko mama akavua kandambili akaanza kujisugua unyayo, kama anavyofanya akichoka, akasema, "Editha, umeiona ile miguu? Maskini. Kumbe na yeye alitembea sana."

Babu akageukia dirishani akaanza kukohoa, na hana kikohozi.

Leo ninapoandika mama yuko palepale karaini, anamwambia mteja kwamba Jumapili alikuwa Msasani kwa watu wa maana, na mteja hamwamini. Nafurahi kila nikimtazama. Siku moja nitamwambia, labda mwakani pindo likipandishwa tena na nikiwa nimejifunza kuongea. Nataka asikie kutoka kwangu. Kwa hiyo nakuomba, Hetal, hii usimwambie mtu. Usimwambie Kokilaben wala Mzee Mbwana, na bibi yako pia asijue, ingawa naona anakisia.

Na safari hii usiiweke kwenye kitabu cha nyimbo.

Rafiki yako,
Editha